Nilibariki Wavu Bila Kuupima

Ndugu zangu wa ziwani, kuanzia Port Victoria hadi Muhuru, na nyinyi wa Kisumu mjini mnaokula samaki bila kuuliza alivuliwa vipi: leo sitaanza na dhambi zenu. Nitaanza na yangu.

Miaka kadhaa imepita tangu nilipoitwa ufuoni alfajiri kubariki mashua mpya na wavu wake. Wachungaji wa huku tunaijua kazi hiyo. Mashua imepakwa rangi, jina limeandikwa ubavuni, akina mama wameandaa chai na mandazi, mwenye chombo amevaa shati la Jumapili. Wavu ulikuwa umekunjwa juu ya turubai, mpya, bado unanuka duka. Niliweka mikono juu yake nikamwomba Mungu aujaze. Watu wakaitikia amina. Nikarudi nyumbani moyo wangu ukiwa mweupe.

Sikuukunjua. Sikuingiza hata kidole katika jicho lake.

Ulikuwa kokoro. Wiki mbili baadaye nilipita pale pale nikawakuta vijana wamejipanga makundi mawili, wanavuta kamba kutoka majini huku wakiimba, na kile kitu kinakuja kikikomba sakafu yote ya ziwa. Kilipofika mchangani kilimwaga mbuta wa urefu wa kiganja, matope, magugu, na ngege wadogo kama jani la mchungwa. Mzee mmoja aliyesimama kando yangu aliokota ngege jike, akambonyeza taya kwa kidole gumba. Mayai yakamiminika kutoka mdomoni, ya manjano, madogo kama punje za wimbi, yakabaki juu ya mchanga yakikauka. Ngege hulea mayai yake mdomoni, ndugu zangu. Mama yule alikuwa amejinyima chakula ili watoto wake waishi. Mzee hakusema kitu. Alinitazama tu, nami nikakumbuka kwamba siku ile ya maombi alikuwepo.

Mwezi haukuisha. Wavuvi wa ufuo jirani, wenye nyavu za kutega, walikuja wakilia kwamba kokoro limefagia mazalia na kuburura nyavu zao. Maneno yalianza kwa sauti ya chini, yakapanda, kisha makasia yakageuka rungu. Kijana mmoja alishonwa nyuzi saba kichwani. Aliyempiga na aliyepigwa, wote wawili niliwabatiza mimi.

Jumapili iliyofuata nilipanda mimbarani nikahubiri amani. Nilihubiri kwa machozi. Wale wawili niliwaita mbele, wakashikana mikono, akina mama wakapiga vigelegele hadi paa likatetemeka. Juu ya wavu sikusema neno. Jumatatu alfajiri kokoro lilirudi majini.

Hiyo ndiyo dhambi yangu, nami nimeiandika hapa ichapishwe ili nisiweze kuikana.

Nawaambia sasa, na nitasema hadi sauti iniishie: amani ya ufuo huu ina kipimo, na kipimo chake ni jicho la wavu. Sheria ya Kenya inataka wavu wa kutega katika ziwa hili uwe na jicho lisilopungua inchi 5. Wazee wetu waliingiza vidole. Vidole vitatu vikipita bila kukwama, basi mtoto wa samaki naye atapita, atakua, atazaa, nawe utarudi mwaka kesho umkute na watoto wake. Jicho likibana hata kidole kimoja kisipite, ujue unavua kesho ya jirani yako. Jirani huyo ana watoto kama wewe, na kasia analo.

Hapa Kisumu tunaitwa mara nyingi kuombea amani, hasa uchaguzi unapokaribia. Maaskofu na maimamu tunasimama jukwaa moja, tunaomba Kondele isiwake moto, tunaomba Nyalenda ilale salama. Ni jambo jema, na nikiitwa tena nitakwenda. Lakini tumeifanya amani kuwa mgeni wa kila miaka mitano. Uchaguzi ukipita tunakunja mabango, halafu miaka minne tunakaa tukitazama mto unavyogeuka uji wa udongo, mafunjo yanavyochomwa, samaki wanavyotoweka, na wala hatusemi kwamba hapo ndipo vita inapikwa. Kijana anayekubali shilingi mia mbili ili arushe mawe, mwulizeni babake alikuwa akifanya kazi gani. Mimi nimewauliza kadhaa. Wamenijibu: alikuwa mvuvi.

Fungueni Biblia zenu, Mwanzo sura ya 26. Isaka yuko bonde la Gerari, na visima alivyochimba babake vimefukiwa udongo. Simameni hapo kwanza. Wafilisti walimwonea wivu, na silaha waliyochagua ilikuwa udongo ndani ya kisima. Walijua kwamba ukitaka kumfukuza mtu huna haja ya mkuki. Haribu maji yake, atahama mwenyewe. Watumishi wa Isaka wakachimba kisima kipya, wachungaji wa Gerari wakaja kugombana nao, na kisima kile kikaitwa Eseki, maana yake ugomvi. Wakachimba cha pili, wakagombana tena, kikaitwa Sitna, maana yake uadui. Akasogea mbele, akachimba cha tatu, hakuna aliyegombana naye, akakiita Rehobothi, nafasi. Sura ile haijaishia hapo. Mfalme Abimeleki aliyemfukuza alikuja kwa miguu yake kutaka mapatano, wakala pamoja, wakaapiana, wakaagana kwa heri. Siku hiyo hiyo watumishi wakaja mbio na habari kwamba maji mengine yamepatikana. Kiapo cha amani na habari ya maji viliingia hemani siku moja.

Nimeisoma sura hii miaka mingi kama hadithi ya mtu mpole. Siku hizi naisoma nikiwa na hofu. Isaka alikuwa na pa kwenda. Kisima kikimshinda, bonde lilikuwa refu mbele yake. Sisi bonde letu li wapi? Ziwa hili lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu. Iliyobaki ni ya Tanzania na Uganda. Mvuvi wetu akikimbia Eseki, akikimbia na Sitna, akipiga injini kuelekea maji mapana, hafiki Rehobothi. Anafika mpakani.

Ndivyo tulivyofika Migingo.

Mnaijua Migingo. Ni jiwe la nusu ekari hivi, limevikwa mabati kutoka ukingo hadi ukingo, watu wamebanana humo kama omena kwenye gunia. Wavuvi wa Kenya husema walipofika mwaka 1991 walikuta magugu, ndege na nyoka. Mwaka 2004 polisi wa Uganda walipiga hema pale, wakasimamisha bendera yao. Kufikia 2009 serikali mbili zilikuwa zinarushiana maneno makali, na vijana wa Kibera, mahali ambapo hata harufu ya ziwa haifiki, wakang'oa reli iendayo Uganda. Wapimaji wa nchi zote mbili walitumwa wakafuate mpaka uliochorwa wakati wa Waingereza mwaka 1926. Rais Museveni akasema kisiwa ni cha Kenya lakini maji ni ya Uganda. Fikiria hukumu hiyo, wewe mvuvi: umepewa jiwe la kulala, umenyimwa maji ya kuvua. Tangu hapo vijana wetu wangapi wamekamatwa, wamenyang'anywa injini na nyavu, wamerudi nyumbani wakipiga kasia kwa mikono mitupu? Nyinyi mnaoishi Port Victoria na visiwa vya Remba na Ringiti mnaweza kuhesabu kuliko mimi.

Tunapozungumza juu ya Migingo tunauliza daima: ni ya nani? Mimi nauliza swali jingine, na naomba mlibebe hadi nyumbani. Kwa nini mtu mwenye nyumba, mke na mihogo shambani aende kulala juu ya jiwe? Alimfuata mbuta. Na mbuta alikuwa amehama ghuba yetu ya Winam kwa sababu tuliifanya isikalike. Tulimvua akiwa mchanga. Tulimwaga humo uchafu wa miji na mbolea ya mashamba, vikalisha gugu maji hadi mwaka 1998 lilipofunika takriban hekta 17,000 upande wa Kenya, mtu akasimama gati la Kisumu akaona shamba la kijani mahali pa maji. Watu wazima mnakumbuka mashua zilivyokwama humo siku mbili. Kwa hiyo kabla askari wa nchi jirani hajamfukuza mvuvi wetu, sisi wenyewe tulikuwa tumeshamfukuza nyumbani.

Hata huyo mbuta ana historia. Wakoloni walimtia ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu wetu hadi mamia ya aina zao zikapotea, viumbe ambao Mungu aliwaweka katika ziwa hili peke yake. Ngege wa asili, yule ambaye bibi zetu walimpika bila mafuta kwa sababu alikuwa na yake ya kutosha, leo mtoto wa Kisumu hamjui. Viwanda vikaja, minofu ikapakiwa kwenye ndege kwenda Ulaya, na Obunga ikabaki na mifupa. Nendeni Obunga mkaone akina mama wanavyokaanga mgongo wazi, kichwa na uti wa mgongo, mnofu umekwisha kwenda. Nawaheshimu akina mama wale. Wamesomesha watoto kwa mifupa. Lakini jina lenyewe linanichoma. Mgongo wazi. Ziwa zima tumeliacha mgongo wazi, kisha tunashangaa kwamba wenye njaa wanagombana juu ya mgongo.

Sasa niseme jambo ambalo kanisani tunalipita kwa haraka, macho chini. Jaboya.

Mnadhani vita ni bunduki na mishale pekee? Samaki walipopungua, aliyekuwa nao alipata nguvu juu ya asiyekuwa nao. Mama amefika ufuoni saa kumi usiku na beseni tupu na pesa yake mkononi, pesa halali, na mvuvi anamwambia pesa haitoshi. Anajua anachotakiwa kutoa. Ana watoto wanne. Mwaka baada ya mwaka, ufuo baada ya ufuo, hadi Homa Bay, Siaya na Kisumu zikawa miongoni mwa kaunti zilizoumizwa zaidi na Ukimwi katika Kenya nzima. Hiyo ni vita, na uwanja wake ni mwili wa mwanamke. Nanyi wanaume wa ufuoni mnaoimba kwaya Jumapili, nani kati yenu amewahi kuiungama kama vita? Enzi zile samaki walipokuwa tele, beseni lilijaa kwa pesa. Uchache ndio ulioleta jaboya, na uchache tuliuleta kwa mikono yetu.

Akina mama wa ufuo wa Nduru, hapa hapa kaunti ya Kisumu, walikataa. Kuanzia mwaka 2011 walipata mashua zao wenyewe, wakawaajiri wanaume kuvua, wakasema hadharani kwamba mwili wao si nauli ya samaki. Nawasalimu kwa heshima. Hakuna mkutano wa amani ninaoujua uliofanya kazi kubwa kuliko mashua zile. Kisha ikaja 2020. Mvua haikukoma, na mwezi wa Mei kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, juu kuliko mwaka 1964 ambao wazee wetu walikuwa wakiutumia kuhesabu miaka. Maji yakaingia Dunga, yakaingia Nyakach, yakaingia Budalang'i. Nduru ikazama. Akina mama walioshinda jaboya walihamishwa na maji, na mtu aliyehamishwa hana ufuo, na asiye na ufuo anarudi kuomba samaki kwa mwenye nao.

Mnaona jinsi mambo haya yalivyofungana? Ukivuta uzi mmoja, wavu wote unakuja.

Tupande basi hadi kwenye mito. Nimesimama Ahero baada ya mvua, daraja la Nyando, nikatazama maji yale mekundu yakipita chini yangu. Yalikuwa mazito kama uji wa mtama. Ule wekundu ni shamba la mtu. Ni udongo wa Tinderet na milima ya Nandi, ni udongo wa Kericho, na ni wetu pia, maana nendeni Katuk Odeyo huko Nyakach mkaone makorongo yaliyoila ardhi hadi nyumba zikasimama ukingoni kama watu wanaotaka kuruka. Udongo huo wote unashuka kwenda Winam, unaziba mazalia, unajaza mto hadi mto usijue tena njia yake, na mvua ikija Kano inakuwa ziwa, na akina mama wanabeba watoto mgongoni kwenda kulala madarasani.

Na kwenye mpaka wa watu wa mlimani na wa bondeni, tunapigana. Oktoba 1991 moto wa mapigano ulianzia Miteitei, upande wa Nandi. Mwaka uliofuata ulifika Sondu. Mwaka 2023 Sondu iliwaka tena, watu wakafa, maduka yakafungwa, soko ambalo Mjaluo na Mkipsigis wamenunuliana ndizi na samaki miaka yote likawa uwanja wa mishale. Sisemi mto ulimshika mtu mkono ukampa mshale. Kuna wanasiasa, kuna hatimiliki, kuna wizi wa mifugo, kuna damu ya zamani ambayo haikuoshwa. Lakini tazameni uchungu wa jambo hili. Tunauana juu ya mpaka wa ardhi, na ardhi yenyewe imeshahama. Imeteremka na mto. Imelala chini ya Winam, ya Mnandi, ya Mkipsigis, ya Mjaluo, imechanganyika hata malaika hawezi kuitenga. Mashamba yetu yamepatana huko chini ya maji, sisi tumesimama kingo mbili na pinde mikononi!

Mwaka ule ule wa 2004 ambao bendera ilisimamishwa Migingo, mama mmoja wa Kenya, Wangari Maathai, alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel kwa kupanda miti. Wengi walinung'unika. Miti na amani vinahusiana vipi? Kungekuwa na tuzo ya misitu, wakasema, apewe hiyo. Yeye alikuwa amepigwa na walinzi wa kukodiwa akilinda msitu wa Karura, alijua vinavyohusiana. Miaka zaidi ya 20 imepita na sisi wa ziwani bado tunauliza swali lile la wanung'unikaji, huku majibu yakitiririka mbele yetu kila masika.

Najua mnachotaka kuniambia. Nimeambiwa usoni. Mchungaji, wewe una mshahara. Mimi nina watoto, hawali wavu wa inchi 5. Ndugu yangu, sikudharau. Njaa ya mtoto ni hoja, na hata mimi singeweza kukuhubiria nikiwa nimeshiba huku wako analia. Lakini nijibu kwa haki: tangu uanze kutumia wavu wa jicho dogo, je, beseni limejaa zaidi? Ulianza ukipata ndoo tano, leo unapata mbili, na mwaka kesho utanunua wenye jicho dogo zaidi. Hicho si chakula, huko ni kukopa kwa mtoto yule yule unayesema unamlisha. Na siku atakapokuwa kijana, akisimama ufuoni na maji matupu mbele yake, atakayemwambia kwamba adui yake ni wa ukoo ule, au wa mlima ule, au wa ng'ambo ile, atapata masikio yaliyo tayari.

Tena si kwako peke yako ninakolia. Anayeuza nyavu zile za uzi mmoja wa plastiki mjini, nyuma ya duka, anajua kwamba zimepigwa marufuku. Ndiyo maana ziko nyuma ya duka. Ofisa anayepokea bahasha ili doria ipite ufuo mwingine, damu ya makasia iko kwenye bahasha hiyo. Na wewe wa Milimani, mwenye choo cha marumaru, umewahi kuuliza kinaishia wapi? Mto Kisat unakujibu kila siku. Novemba 2022 samaki wa vizimba walipokufa kwa tani katika maji yetu, watafiti walisema hewa ilikuwa imepungua majini. Ziwa lilikosa pumzi. Tumelikaba wote, maskini kwa wavu na tajiri kwa bomba.

Ofisi tunazo. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria ina makao yake hapa Kisumu. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria liko Jinja. Kila ufuo una kamati yake, BMU, iliyochaguliwa na wavuvi wenyewe. Kamati ndiyo ninayoitegemea zaidi, kwa sababu mwenyekiti wake anakujua kwa jina na anamjua mama yako. Wenyeviti, nisikilizeni. Mkilinda mazalia mnalinda maisha ya watu kuliko kituo cha polisi. Msimfumbie macho shemeji yenu.

Nina neno pia kwa ndugu zetu Waislamu, ambao tumeishi nao Kaloleni tukipeana chumvi. Nyinyi mna habari ya Nabii Swaleh na ngamia jike, jinsi maji yalivyogawanywa, siku moja zamu ya ngamia kunywa, siku nyingine zamu ya watu. Watu wale hawakuvumilia siku isiyo yao. Wakamkata ngamia miguu, na maangamizi yakawafuata. Imamu mmoja rafiki yangu alinisimulia tukiwa tumeketi ufuoni katikati ya Mei, mitumbwi ya omena imepinduliwa juu ya nyasi, na nikaelewa kile nilichokuwa nakitazama. Kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 31 Julai uvuvi wa omena umefungwa. Miezi minne hiyo ni zamu ya ziwa kunywa. Na kila mwaka kuna wanaotoka usiku bila taa kumkata ngamia miguu.

Lakini kanisa nalo lifanye nini katika miezi hiyo? Hapa ndipo aibu yangu inaporudi. Tumekusanya sadaka ya vipaza sauti, sadaka ya mabati, sadaka ya suti ya mchungaji. Je, kuna kanisa moja la ufuoni lililowahi kukusanya sadaka ya unga kwa familia zinazotii kufungwa kwa ziwa? Tunamhubiria mvuvi avumilie, halafu Aprili tunamwacha avumilie peke yake. Kwetu tumeamua: kuanzia sasa, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi wa kufungwa, kapu la mbele ni la unga na maharage, na litakwenda kwa yule ambaye mashua yake imebaki imepinduliwa. Na nimewaandikia wachungaji wenzangu wa huko juu, upande wa Nandi na Kericho. Sikuwaandikia juu ya mipaka. Nimeomba kingo za mto. Waumini wao wapande miti na mianzi huko udongo unakoanzia safari, sisi tuache kuchoma mafunjo huku unakoishia, halafu tukutane katikati, Ahero, tule samaki wetu na maziwa yao ya mursik. Wawili wameshanijibu.

Kumbukeni wavuvi wa Galilaya usiku ule waliohangaika bure, kisha nyavu zikajaa hadi zikaanza kukatika. Huwa tunahubiri muujiza tukasahau walichofanya baadaye. Waliwapungia mkono wenzao wa chombo cha pili waje kusaidia, na vyombo vyote viwili vikajaa. Samaki wakiwa wengi mtu humwita mwenzake. Nataka nife nimeona tena ufuo ambao watu wanaitana.

Basi tarehe 1 Agosti omena itafunguliwa, na najua mtaniita, kama kila mwaka, kubariki mashua na nyavu. Nitakuja. Tafadhali wavu uwe umekunjuliwa kabla sijafika. Nitakuja na rula: milimita 10 kwa wavu wa omena, inchi 5 kwa wa mbuta na ngege. Nitapima jicho mbele ya watoto wenu, nao nitawapa rula wapime. Wavu uliopungua nitauacha pale chini bila kuugusa, hata kama chai imeshamiminwa, hata kama mwenye chombo ni mzee wa kanisa langu.

Na yule mzee aliyembonyeza ngege taya siku ile, kama Mungu bado amemweka hai, namwomba aje asimame kando yangu.